Tungo za Amu Zihaririwe, Zisisafishwe

Neno "mhariri" limetufanyia dhara katika lugha yetu. Kwa kuwa sisi tulio magazetini ndio tuitwao hivyo, msomaji hudhani kuwa kazi ya mhariri ni kukata palipozidi, kunyosha palipopinda na kutia nukta pasipokuwa na nukta. Kazi hiyo ipo, nami nimekula mkate wake miaka mingi. Lakini uko uhariri wa namna nyingine ulio karibu kuwa kinyume cha huo. Nao ni wa mtu anayezichukua tungo za mshairi aliyekufa zamani, akakusanya kila hati iliyosalia na kila riwaya inayosomwa kwa moyo, akazilinganisha neno kwa neno, kisha akampa msomaji kitabu kinachomwambia: hili ndilo lililopokewa, limepokewa kwa mkono wa fulani, na hapa wapokezi wamehitilafiana. Mhariri wa namna hii hana ruhusa ya kunyosha kitu. Akikuta pamepinda, kazi yake ni kueleza pamepindaje.

Nayasema haya kwa sababu kila tukikaa barazani hapa Amu, au tukenda Pate, Siyu na Faza kwa arusi au kwa maziko, hapakosekani mtu wa kusema kwamba tungo za wazee wetu zikusanywe, zifanywe diwani, zipigwe chapa, vijana wasome. Neno hilo ni jema na mimi naliunga mkono kwa mikono miwili. Khofu yangu ni moja tu: zisije zikasafishwa.

Tumtazame Fumo Liyongo, maana hapana mwenye jina kubwa kumshinda, wala hapana mwenye kumtaabisha mhariri kama yeye. Kila mtoto wa visiwa hivi amesimuliwa habari zake: ushujaa wake, kifungo alichotiwa na mfalme wa Pate, Saada kijakazi wa mamake aliyempelekea mkate wenye tupa ndani yake, na mwisho wake, sindano ya shaba aliyochomwa kitovuni na mwanawe wa kumzaa. Kaburi lake huonyeshwa upande wa Kipini. Lakini aliishi lini? Wataalamu wamepishana kwa karne kadha wa kadha, wala hapana hata ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono wake. Tungo zake zilikaa katika vifua vya watu na katika ngoma ya gungu kabla hazijakaa katika karatasi.

Edward Steere, kasisi wa Kiingereza aliyekuwa Unguja, alitia kisa cha Liyongo pamoja na shairi lake lililofungwa takhmisa katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870. Mwaka 1913 Muhamadi bin Abubakari Kijuma, mwana wa Amu, akaandika utendi wa kisa chenyewe. Bi Alice Werner akautangaza utendi huo Ulaya katika miaka ya 1920. Ernst Dammann, Mjerumani aliyefika hapa katika miaka ya 1930 na kufanya kazi na Kijuma, akachapisha mwaka 1940 kitabu kikubwa cha tungo za Kiamu. Kwa hivyo kwa muda mrefu Liyongo alikuwa ametawanyika kama mali ya mirathi isiyokuwa na kadhi: huku takhmisa, huku utumbuizo, huku kisa, kipande London, kipande Ujerumani, na vipande vingine katika masanduku ya nyumba za Amu na Pate.

Mwaka 2004 kikatoka Köln, Ujerumani, kitabu kilichojaribu kuvirudisha vipande hivyo mahali pamoja. Waliokifanya walikuwa ni jopo. Alikuwamo Profesa Gudrun Miehe, na pamoja naye mashekhe na malenga wa pwani yetu, miongoni mwao Ahmed Sheikh Nabhany wa Amu, Sheikh Yahya Ali Omar, Ahmad Nassir Juma Bhalo na Abdilatif Abdalla. Watu hawa hawakuwekwa kando wakaulizwa maana ya maneno kisha wakashukuriwa katika mstari mmoja wa utangulizi, kama ilivyokuwa desturi tangu zamani. Walikaa mezani, na majina yao yakawa ya wahariri. Hilo la kwanza lililonipendeza. La pili ni neno moja lililo katika jina la kitabu. Jina hilo, kwa Kiingereza, halisemi kuwa hizi ni tungo za Fumo Liyongo. Lasema kuwa ni tungo zinazonasibishwa naye.

Najua wako watakaolichukia neno hilo. Watasema: huyu ni Liyongo wetu, na mababu zetu wametwambia kuwa zake ni zake, sasa mwatutilia shaka? Mimi naona kinyume. Neno "zinazonasibishwa" ndilo neno la heshima kuliko yote yaliyomo kitabuni, maana limemlinda mshairi asibebeshwe ubeti wa mtu mwingine, na limemlinda msomaji asiambiwe lisilojulikana kana kwamba lajulikana.

Na mtu asidhani kuwa shaka hii ni kasoro ya watu wasiokuwa na vitabu. Awatazame Waingereza na watunzi wao wa michezo ya kuigiza. Shakespeare tunamjua sote. Mwalimu Nyerere alitufasiria Juliasi Kaizari mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alipokufa mwaka 1616, karibu nusu ya michezo yake haijapata kupigwa chapa. Miaka saba baadaye, mwaka 1623, waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, wakatoa kitabu kimoja chenye michezo 36, na kati ya hiyo 18 haikuwahi kuonekana chapani. Huo wa Juliasi Kaizari ni mmoja katika hiyo 18. Maana yake ni kuwa lau wale wawili wangalilala, Mwalimu asingalikuwa na la kufasiri.

Hata hivyo kitabu chao hakikumaliza mashaka. Mchezo wa Mfalme Lear ulikuwa umekwisha kupigwa chapa mwaka 1608, na ule wa 1608 si sawasawa na ule wa 1623. Wa kwanza una mistari kama 300 isiyokuwamo katika wa pili, na wa pili una mistari kama 100 isiyokuwamo katika wa kwanza. Kwa zaidi ya miaka mia mbili wahariri wa Kiingereza walifanya lile ambalo wengi wetu tungelifanya: walichukua huku na huku, wakachanganya, wakatoa Lear mmoja mnene ambaye hakupata kuwako. Mwaka 1986 wahariri wa Oxford wakasema basi. Wakampiga chapa Lear wa kwanza peke yake na Lear wa pili peke yake katika kitabu kimoja, msomaji akawaona wote wawili.

Na mwenzake, Thomas Middleton, aliyekufa mwaka 1627, alingoja hadi mwaka 2007 ndipo kundi kubwa la wataalamu, wakiongozwa na Gary Taylor na John Lavagnino, likatoa kazi zake zote kwa namna wanavyoziona leo kuwa ni zake. Miaka 380! Ndani yake mna mchezo wa kisasi ambao ulipotoka mara ya kwanza haukuwa na jina la mtunzi, kisha mwaka 1656 ukanasibishwa na mtu mwingine aitwaye Cyril Tourneur, akaushika karibu karne tatu. Sasa wamempa Middleton. Hawa ni watu waliokuwa na mitambo ya chapa, maktaba za wafalme na vyuo vikuu. Ikiwa wao wanahasimiana juu ya mchezo uliopigwa chapa wakati mtunzi yu hai, sisi tuone haya gani kusema kuwa ubeti huu wa Liyongo una mashaka?

Ama kwa hakika, sisi tuliosoma chuoni hatuna haja ya kufundishwa jambo hili na Oxford. Nani kati yetu hakusikia, tangu utotoni, kuwa hadithi ina matini na ina isnadi, na kuwa maneno mazuri yasiyokuwa na isnadi hubaki maneno mazuri tu? Nani hakumwona maalimu ameshika nuskha yake, mwanafunzi ameshika yake, mmoja asoma na mwingine afuatiza kwa kidole, mpaka wapishanapo wasimame? Kazi hiyo ina jina tangu zamani, nayo ni mukabala. Kitabu kilichonakiliwa kisichofanyiwa mukabala kilihesabiwa kuwa na upungufu. Na mnakili mwenye adabu, alipokuta nuskha mbili hazipatani, hakulifuta hili akaliweka lile. Aliandika moja katikati ya ukurasa, na la pili akalitia pambizoni pamoja na alama ya kuonyesha limetoka katika nuskha nyingine. Sisemi kuwa maneno ya mshairi yawekwe sawa na maneno ya Mola au ya Mtume wake (s.a.w.), hasha, si mahali pake kabisa. Nasema adabu ya kupokea tulikuwa nayo sisi, na inashangaza kuwa tukija kwenye tungo zetu wenyewe tunaivua mlangoni pamoja na viatu.

Sasa niingie katika hati zenyewe, maana hapa ndipo penye shughuli.

Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa harufi za Kiarabu, na harufi hizo hazikukatwa kwa kipimo cha lugha yetu. Katika hati nyingi za kale ba moja hubeba b, hubeba p, na mara nyingine hubeba mb pia. Andika ba yenye fat-ha na ta yenye fat-ha, kisha mpe mtu asome: mmoja atasoma bata, wa pili atasoma pata, na wa tatu, ikiwa ni mtu wa minazi, atasoma mbata. Fa nayo ni f na ni v, kwa hivyo mtu anayefua nguo na mtu anayevua nguo huandikwa kwa namna moja, na mvuvi wa Matondoni avuaye samaki ameingia humo humo. Irabu ni tatu tu: kasra yachukua i na e, dhumma yachukua u na o, basi kutua na kutoa hazitengeki ila kwa maana. Baadaye watu walijitahidi kuongeza nukta na alama. Mwalimu Sikujua bin Abdallah wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, ni mmoja wa waliolishughulikia jambo hilo. Lakini hati ya kale hukutazama ikiwa kimya, na msomaji ndiye atakayeinenea.

Kwa hivyo mtu anapokwambia, "Mimi nimeinakili tu kwa herufi za Kirumi," jua kuwa amekwisha kuhukumu mara mia. Kila ba aliipa sauti. Kila dhumma aliipa sauti. Huenda alihukumu vyema, pengine kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini alihukumu, na akiiacha hati nyuma msomaji hana njia ya kumrudia. Ndiyo sababu nasema diwani yoyote ya mshairi wa Amu isiyokuwa na maandishi ya Kiarabu ubavuni mwa yale ya Kirumi ni nusu ya kazi. Zamani mtu angalisema chapa ya Kiarabu ni ghali. Leo udhuru huo haupo. Picha ya ukurasa hupigwa kwa simu.

Halafu kuna jambo la Kijuma, ambalo naona halisemwi vya kutosha. Muhamadi Kijuma alikuwa mtu wa maajabu: mshairi, mwandishi wa hati nzuri kupita kiasi, mchonga milango, fundi wa ala za muziki na mjuzi wa ngoma. Wazungu waliotaka tungo za Kiamu katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 wengi walimwendea yeye, na kalamu yake ndiyo iliyojaza sehemu kubwa ya makabati yaliyoko London na Hamburg. William Hichens, aliyetoa Al-Inkishafi mwaka 1939 na diwani ya Muyaka mwaka 1940, alipelekewa hati nyingi na Kijuma. Mwaka 2010 Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu kizima cha maandishi ya Kijuma kutokana na makaratasi ya Dammann na mengineyo, na Kijuma alistahiki.

Lakini hebu tumpime kwa mizani ya chuoni. Ukiwa na hati tatu za utendi mmoja, moja London, moja Hamburg, moja mahali pengine, na zote tatu ni mkono wa Kijuma, je, una mashahidi watatu? Hasha! Una shahidi mmoja aliyeapa mara tatu. Zaidi ya hayo, shahidi mwenyewe ni mshairi. Mshairi akinakili shairi la mwenzake, kalamu humwasha. Akikuta kina kimelegea, mkono hauwezi kutulia. Akikuta ubeti umepotea, huweza kuushona mpya usionekane uzi. Simtuhumu marehemu, Mungu amrehemu; yalikuwa mambo ya kawaida kwa zama zake, na wala hakumwahidi mtu kuwa yeye ni mtambo wa picha. Nasema tu kuwa mhariri akiona hati zote zakubaliana, na aulize kwanza ziliandikwa na nani, kabla hajafurahi.

Dawa ya jambo hilo ni nakala za majumbani, zile ambazo hazikuandikwa kwa ajili ya mgeni yeyote. Na nakala hizo aghalabu ziko mikononi mwa wanawake. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, aliyeolewa na Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utendi wake mwaka 1858, na tangu siku hiyo utendi huo umepita kutoka kwa mama hadi kwa binti kuliko ulivyopita kwa maulamaa. Sheikh Nabhany alisema daima kuwa alisomeshwa ushairi na nyanyake. Mimi nimewahi kukaa siku kadha na daftari mbili za utendi wa Mwana Kupona, moja ya nyumba ya Siyu, moja ya nyumba ya hapa Amu mtaa wa Langoni. Hazikupatana katika mpango wa beti, na daftari ya Siyu ilikuwa na maneno ambayo ya Amu imeyabadili kwa maneno mepesi zaidi. Ukiniuliza ipi ni ya haki, nitakwambia kuwa neno gumu mara nyingi ndilo la kale, maana watu hubadili gumu kwa jepesi na si jepesi kwa gumu. Lakini hiyo ni rai yangu. Msomaji apewe zote mbili, kisha nami niandike rai yangu chini, kwa maandishi madogo, mahali inapostahiki kukaa rai.

Na hapa ndipo ninapofika kwenye usafishaji, ambao ndio uliounivuta kuandika.

Mwaka 1928 ulikutanika mkutano Mombasa ukakichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Sina ugomvi nao. Ndicho ninachokiandika sasa, nacho ndicho kinilishacho. Lakini kutoka siku hiyo imeingia tabia ya kudhani kuwa Kiamu ni Sanifu iliyokosewa. Mtungaji wa kitabu cha shule akichukua ubeti wa kale, kalamu yake hukimbilia kurekebisha: mato yafanywa macho, nti yafanywa nchi, kitwa chafanywa kichwa, mai yafanywa maji. Hata utendi wenyewe twaambiwa ni utenzi. Anayefanya hivyo hudhani amemsaidia mtoto. Wala hajui kuwa ameuvunja ubeti! Mshairi aliyeweka mato mwisho wa kipande alikuwa na pato au wito mwisho wa kipande kingine. Ukimletea macho, kina kimekufa, na mtoto ataambiwa na mwalimu wake kuwa wazee wa Amu hawakujua vina. Nimelisikia neno hilo kwa masikio yangu, likisemwa na mtu mwenye shahada, naye hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa amesoma kitabu kilichosafishwa.

Kuna pia mambo ambayo hata anayehifadhi Kiamu huyapoteza. Mtu wa Amu ana t ya menoni na t ya ufizini, na kwake hizo ni sauti mbili zinazotenga maneno mawili. Herufi za Kirumi tunazotumia zina t moja. Mhariri asipotafuta alama ya kuzitenganisha, msomaji wa Nairobi au wa Dodoma ataliona neno moja mahali palipokuwa na mawili, na mchezo wa mshairi utampita kama chombo kilichozima taa.

Nikisema haya huwa napingwa kwa upande mwingine na watu ninaowaheshimu. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, shairi ni la mwenye kulisoma. Nyinyi mwataka kuligandisha. Liyongo akiimbwa gungu, kila mwimbaji ana lake, na uzuri uko hapo." Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kutaka kusafisha, na sidharau. Ni kweli kwamba kitabu chaweza kuua. Mtu akiona chapa huona kuwa hiyo ndiyo sahihi, na mwimbaji aliyepokea vinginevyo huanza kuona haya na kujirudi. Lakini kitabu chenye kuua ni kile kinachotoa riwaya moja na kunyamazia zingine. Kitakachotoa riwaya nne pamoja na majina ya waliozipokea chaweza hata kumpa mwimbaji nguvu, maana atajikuta yumo ndani yake.

Tena iko tofauti moja kati ya mtunzi wa michezo wa Kiingereza na mshairi wetu ambayo yafaa watu wa diwani waikumbuke. Middleton waweza kumtoa peke yake, ukaandika jina lake juu ya jalada, na msomaji asipungukiwe sana. Lakini Bwana Zahidi Mngumi wa Amu utamtoaje peke yake? Tungo zake za wakati wa vita vya Kuduhu, katika miaka ya 1810, ni majibu. Aliulizwa na Pate, alitishwa na Mombasa, Muyaka bin Haji akiwa upande wa pili, naye akajibu kwa bahari ile ile na aghalabu kwa fumbo lile lile. Ukizitoa zake pekee umemsikilizisha msomaji mtu anayezungumza na ukuta. Ann Biersteker na Ibrahim Noor Shariff waliliona hilo. Kitabu chao cha mwaka 1995 kimekusanya mashairi ya vita hivyo kutoka pande zote, na mpangilio huo ndio ninaoutaka kwa kila mshairi wetu wa kujibizana. Muyaka mwenyewe amekwisha kupata diwani ya Hichens na kitabu cha Profesa Mohamed Abdulaziz cha mwaka 1979. Lakini aliyekuwa akigombana naye huku Amu hana diwani yake.

Imebaki habari ya wenye makaratasi. Wasomaji wa miji mingine hushangaa wakisikia kuwa familia ina sanduku la hati na haitaki kulifungua. Sisi hatushangai. Hapana ukoo mkubwa katika visiwa hivi usiokuwa na kisa cha mgeni aliyeazima kitabu kwa wiki moja asirudi. Mzee mmoja wa Siyu alinieleza jinsi babake alivyotoa juzuu ya tungo kwa mtu aliyekuja na barua zenye mihuri, akaambiwa itapigwa picha irudishwe kwa jahazi la pili. Jahazi la pili lilikuja. Watu hawa si wachoyo. Wametiwa akili na yaliyowafika. Basi mtu anayetaka kuhariri diwani ya Amu akija bila ya kuzungumza kwanza habari hii, asilaumu akikaribishwa kahawa na halua na asionyeshwe hata jarida la sanduku.

Nami namwambia mwenye sanduku pia, kwa mahaba: mchwa hawaombi ruhusa. Chumvi ya hewa yetu haiombi ruhusa. Siku hizi hapana haja ya hati kutoka nyumbani. Hati za Msikiti wa Riyadha zilipigwa picha hapa hapa Amu katika miaka ya 2010, kwa mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa maandishi yaliyo hatarini, na vitabu vyenyewe havikuhamishwa nchi. Chuo cha SOAS huko London kimeweka kwenye intaneti orodha ya hati zake za Kiswahili, hata kijana wa Faza mwenye simu aweza kutafuta humo yale yaliyotoka kwao. Picha ipigwe mwenye nyumba akiwa ameketi hapo, nakala yake abakiziwe, na katika kitabu liandikwe jina la nyumba kama wahariri wa Ulaya wanavyoandika jina la maktaba.

Na kitabu kiwe cha lugha gani? Kile cha Liyongo cha 2004 maelezo yake ni ya Kiingereza, na sijakiona katika duka lolote la Amu. Siwalaumu waliokifanya, fedha ilikotoka ndiko kitabu kilikozaliwa. Lakini diwani itakayofuata, iwe ya Zahidi Mngumi au ya Kijuma mwenyewe kama mtunzi, tanbihi zake ziwe za Kiswahili, ili mama wa Langoni aweza kumbishia mhariri. Asipoweza kubishiwa na wenye lugha, huyo mhariri atajuaje kuwa amekosea? Kisha kitolewe kitabu chepesi kwa bei ya daftari, chenye tungo na maana ya maneno magumu, kwa ajili ya chuoni na shuleni. Kiwe kimetokana na kile kikubwa, mato yakiwa mato.

Jambo la haraka kuliko yote si karatasi. Karatasi yaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Sheikh Nabhany alifariki mwaka 2017, na wengine katika jopo lile wametangulia mbele ya haki. Wanawake wanaojua gungu kwa sauti yake, si kwa maneno tu, sasa wahesabika. Yuko mmoja upande wa Shela, mtu mzima sana, asomaye ubeti wa Liyongo ambao mimi sijauona katika kitabu chochote nilicho nacho. Huenda si wa Liyongo. Yeye asema ni wake, na kwamba aliupokea kwa nyanyake, naye nyanyake kwa somo yake wa Pate. Nilipomwomba niuandike alikubali kwa sharti mbili: jina lake lisitajwe, na ya wale wawili yaandikwe. Ubeti nimeuandika kwa harufi za Kiarabu kama alivyotaka, yale majina mawili juu yake, na pambizoni nimeacha nafasi.